Dirisha Lisifunguliwe: Nani Amesema?



Wiki hii sitaanza na sarufi, ijapokuwa sarufi itatukuta njiani. Nitaanza na kosa langu mwenyewe.

Kwa muhula mzima nilifundisha darasa la jioni hapa Kigali katika ukumbi wa kukodi, ghorofa ya nne ya jengo la biashara lenye kuta za vioo. Wanafunzi walikuwa 40: makarani, wauzaji wa maduka, wauguzi, na kijana mmoja mwendesha pikipiki aliyetaka Kiswahili ili aelewane na abiria watokao Tanzania na Kongo. Kipindi kilianza saa kumi na mbili jioni na kumalizika saa mbili usiku. Ukumbi ulikuwa na baridi nzuri. Kiyoyozi kilichobandikwa ukutani kilivuma bila kukoma. Hata hivyo, ilipofika saa moja, hali ilikuwa ile ile kila siku: miayo, macho mazito, vichwa vikiinama juu ya madaftari.

Jioni moja yule mwendesha pikipiki alilala kabisa nikiwa katikati ya ngeli ya KI-VI. Nilimkemea mbele ya wenzake. Nikamwambia kwamba kama amekuja kulala, kitanda chake ni bora kuliko dawati langu. Akasimama kwa adabu, akasema: "Mwalimu, uniwie radhi. Tangu alfajiri niko barabarani na sikusinzia hata mara moja. Usingizi huu hunijia humu ndani tu."

Darasa lilicheka. Mimi sikucheka, lakini pia sikuelewa. Nilidhani ananijibu kijanja.

Wiki mbili baadaye umeme ulikatika. Kiyoyozi kikanyamaza. Joto likaanza kupanda, tukafungua mlango, na mlinzi wa jengo akatuletea bisibisi tukalegeza skrubu zilizofunga dirisha la pekee lililoweza kufunguka. Upepo wa mvua iliyokuwa imenyesha alasiri ukaingia. Haikupita nusu saa, na darasa lile lile, gizani, kwa mwanga wa simu, lilikuwa likibishana kwa sauti juu ya tofauti ya "kufunga" na "kufungia". Yule kijana ndiye aliyetoa mfano ulio bora kuliko wote. Kipindi kilichofuata nilimwomba radhi mbele ya wale wale niliomwaibisha mbele yao. Nilikuwa nimeuhukumu uvivu wake, kumbe nilipaswa kuihukumu hewa.

Tangazo lisilo na mtenda

Sasa sarufi. Juu ya kiyoyozi kile palikuwa na karatasi iliyoandikwa kwa herufi kubwa: DIRISHA LISIFUNGULIWE. KIYOYOZI KISIGUSWE.

Itazame vizuri, mwanafunzi wa Kiswahili. Vitenzi vyote viwili vimo katika kauli ya kutendwa, na vyote viwili havina mtenda. Hatujui ni nani asifungue, wala ni nani aliyekataza, wala kwa sababu gani. Kauli ya kutendwa ina kazi zake halali, lakini pia ni pazia zuri la kumfichia mwenye mamlaka. Tulikaa chini ya tangazo lile muhula mzima, watu wazima 40 na mwalimu wao, na hakuna hata mmoja aliyeuliza: nani amesema?

Hoja yangu leo ni kwamba hewa ya majengo tunamofanya kazi, tunamosomea na tunamofanyia biashara ni jambo la uraia. Kuna mtu anayeamua kiasi cha joto, kiasi cha baridi na kiasi cha hewa ya nje inayoingia. Kuna mtu anayelipa. Na kuna watu wanaovuta pumzi. Aghalabu watu hao watatu hawajapata kukutana. Katika miji yetu ya nyanda za juu, ambako asubuhi ya kawaida ina ubaridi kuliko ofisi nyingi za duniani, kufunga dirisha kisha kununua baridi kwa umeme ni ubadhirifu ambao raia ana haki ya kuuhoji.

Kiyoyozi hakileti hewa mpya

Watu wengi huamini kwamba kiyoyozi cha ukutani huvuta hewa safi kutoka nje, huipoza, kisha huiingiza ndani. Sivyo. Kiyoyozi cha namna ile kina sehemu mbili. Ile ya ndani hufyonza hewa ya chumba, huipitisha juu ya mabomba ya baridi, kisha huirudisha katika chumba hicho hicho. Ile ya nje hutupa joto lililochukuliwa ndani. Baina ya sehemu hizo mbili hupita gesi maalumu ya kupozea ndani ya mabomba yaliyozibwa, hewa haipiti. Chumba kikifungwa, pumzi uliyoitoa saa nzima iliyopita hurudi kwako ikiwa na baridi, lakini ni ile ile.

Tupige hesabu ndogo. Mtu mzima aliyekaa hutoa lita 18 hivi za hewa ukaa kwa saa. Watu 40 hutoa lita 720. Ukumbi wenye urefu wa mita 8, upana wa mita 8 na kimo cha mita 3 una mita za ujazo 192, yaani lita 192,000. Hewa ya nje ina hewa ukaa ya sehemu 420 hivi katika kila milioni. Ukumbi huo ukifungwa kabisa, baada ya saa moja kiasi hicho hupita sehemu 4,000. Ni kweli kwamba hewa kidogo hupenya chini ya mlango, hivyo hali halisi huwa nafuu kidogo. Lakini mwelekeo ni ule ule. Katika kiwango hicho mtu hafi. Husinzia, kichwa humuuma, na fikra humlegea. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard waliwaweka wafanyakazi wa ofisini katika vyumba ambavyo hewa yake ilibadilishwa kwa siri siku kwa siku, wakaona kwamba siku zenye hewa ukaa nyingi watu hao hao walipata alama za chini katika majaribio ya kufanya uamuzi.

Isitoshe, hewa ukaa ni alama tu. Mahali ilipojaa, ujue kuwa unavuta kilichotoka katika mapafu ya wengine, pamoja na vijidudu vyao. Kifua kikuu husafiri kwa njia hiyo hiyo, na korona ilisafiri hivyo pia. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwamba majengo yasiyo ya makazi yapatiwe angalau lita 10 za hewa safi kwa sekunde kwa kila mtu. Kwa ukumbi wangu, maana yake ni kubadilisha hewa yote mara 7 na nusu kila saa. Kiyoyozi chetu kiliibadilisha mara sifuri.

Kazi tatu na akili moja

Jengo kubwa la biashara lililojengwa kwa utaratibu lina kazi tatu za kuitendea hewa: kuipasha joto, kuipoza, na kuichanganya na hewa ya nje. Sisi wa Kigali hatuhitaji sana ya kwanza, ila katika hoteli za maeneo ya baridi kama Musanze; katika sehemu nyingi za Ulaya na Marekani zote tatu huhitajika kwa nyakati mbalimbali za mwaka. Mashine kubwa, mara nyingi ikiwa juu ya paa, huvuta hewa iliyorudi kutoka vyumbani na hewa ya nje, huzichanganya, huzichuja, huzipoza au kuzipasha, kisha huzisukuma katika mifereji ya bati hadi vyumbani. Katika njia ya hewa ya nje kuna kilango chenye mabapa yanayofunguka na kufunga kama mapazia ya ubao. Vihisi hupima joto la ndani, joto la nje na, katika majengo mazuri, hewa ukaa. Kidhibitijoto husoma vihisi hivyo na kutoa amri.

Akili ya mfumo mzima ni kuuliza maswali kwa mpangilio sahihi. Swali la kwanza ni hili: je, kuna mtu humu? Kama hakuna, mashine ilale. La pili: je, waliomo wanapata hewa safi ya kutosha? Hiyo ndiyo amri isiyovunjwa. Kilango kisifungwe kabisa maadamu watu wamo. La tatu: je, chumba kina joto kupita kiasi, na nje kuna ubaridi kuliko ndani? Kama ndivyo, kilango kifunguliwe wazi na hewa ya nje ipoze jengo bila mashine ya baridi kuwashwa. La nne tu ndilo liwashe mashine: nje kuna joto, ndani kuna joto, basi na tununue baridi. Wakati huo kilango hurudi kwenye kiwango cha chini, kile cha kupumulia, ili tusigharimike kupoza joto la mchana.

Tena kuna jambo dogo lenye faida kubwa: pengo. Tuseme mashine hupasha joto chini ya nyuzi 21 na hupoza juu ya nyuzi 24. Baina ya 21 na 24 haifanyi lolote ila kuleta hewa safi. Kanuni za majengo zinazofuatwa katika sehemu nyingi za Marekani hutaka pengo hilo lifike nyuzi 3 hivi, kwa sababu bila pengo mashine hupigana zenyewe kwa zenyewe: asubuhi inapasha, saa mbili baadaye inapoza ilichopasha. Nasi tunavyo vita hivyo kwa umbo la kienyeji. Umewahi kuingia ofisi saa sita mchana ukamkuta karani amevaa sweta, na chini ya meza yake kuna kijiko cha umeme kinachekundu kwa joto, huku kiyoyozi kikivuma juu ya kichwa chake kwa nyuzi 17? Vitu viwili vinashindana, na anayeshindwa ni mlipa bili.

Nakupa kipimo chepesi. Kigali iko kimo cha mita 1,500 na zaidi juu ya usawa wa bahari. Alfajiri joto huwa nyuzi 15 hadi 17. Mchana hupanda hadi 26 au 28. Maana yake ni kwamba tangu watu wanapoingia kazini hadi karibu saa nne asubuhi, na tena mvua inyeshapo, baridi imo mlangoni, bure, ikingoja kukaribishwa.

Walioikaribisha

Huenda ukasema kwamba haya ni maneno ya mwalimu wa lugha asiyewahi kujenga hata banda la kuku. Basi tuwatazame waliojenga.

Harare, mji mkuu wa Zimbabwe, uko katika kimo kinachokaribiana na cha Kigali. Mwaka 1996 lilifunguliwa huko jengo la Eastgate, lenye ofisi na maduka, lililobuniwa na msanifu Mick Pearce pamoja na wahandisi wa kampuni ya Arup. Jengo hilo halikutegemea mfumo wa kawaida wa viyoyozi. Usiku, mafeni husukuma hewa ya ubaridi kupitia nafasi zilizoachwa chini ya sakafu nzito za zege, na zege huhifadhi ubaridi huo. Mchana, mafeni huenda polepole. Hewa hupita juu ya zege iliyopoa, huingia ofisini, hupata joto la watu na kompyuta, kisha hupanda na kutoka kupitia mabomba ya moshi yaliyopangwa juu ya paa. Pearce alisema alijifunza kwa vichuguu vya mchwa. Baadaye wanasayansi walionyesha kwamba kichuguu chenyewe hakipumui hasa kwa namna aliyodhani. Lakini mchwa wakikosewa, jengo halikukosea.

Hapa kwetu kuna Butaro, wilayani Burera. Hospitali yake, iliyobuniwa na kikundi cha wasanifu cha MASS na kufunguliwa mwaka 2011, si jengo la biashara, lakini ni shule kwa wenye majengo ya biashara. Wabunifu walianza na swali moja: wagonjwa wanaambukizana wapi? Wakaona ni katika korido za ndani, zenye giza na msongamano wa watu wanaokohoa. Wakaziondoa korido hizo na kuziweka nje. Wakaweka madirisha ya juu ili hewa yenye joto itoke, mafeni makubwa yanayozunguka taratibu kuichanganya hewa, na taa maalumu za kuulia vijidudu. Kuta zake ni za mawe ya volkano ya sehemu zile zile. Kama hewa ya nje inaaminiwa kumlinda mgonjwa wa kifua kikuu, kwa nini isiaminiwe kumwamsha mwanafunzi wa ngeli?

Na mji wetu una deni la jina. Tarehe 15 Oktoba 2016 mataifa yalikutana hapa na kukubaliana juu ya nyongeza ya Itifaki ya Montreal, ambayo dunia nzima sasa huiita Marekebisho ya Kigali. Makubaliano hayo, yaliyoanza kutumika Januari 2019, yanataka gesi fulani za kupozea, zilezile zilizomo katika viyoyozi vingi, zipunguzwe kwa zaidi ya asilimia 80 katika muda wa miaka 30 hivi, kwa kuwa zikivuja hupasha dunia joto mara nyingi kuliko hewa ukaa. Ingekuwa fedheha jina la Kigali lipunguze gesi hizo ulimwenguni, ilhali majengo ya Kigali yanaziongeza kwa sababu ya skrubu nne za dirisha.

Nani analipa?

Nilimwendea msimamizi wa jengo nikamuuliza kuhusu lile tangazo. Hakuwa mtu mbaya. Alinieleza kwamba mpangaji mmoja aliwahi kuacha dirisha wazi, mvua ikaharibu dari ya mpangaji wa chini. Alinieleza kuhusu vumbi la kiangazi na kelele za barabara. Kisha akasema neno lililonifungua macho: bili ya umeme ya jengo hugawanywa kwa wapangaji kulingana na ukubwa wa vyumba vyao, si kulingana na matumizi.

Hapo ndipo penye kidonda. Aliyejenga alichagua vioo kila upande kwa sababu vioo huvutia wapangaji, na bili si yake. Mpangaji anayezima kiyoyozi hapati nafuu yoyote, kwa kuwa jirani anayekiacha kikiwaka usiku kucha wanagawana naye. Msimamizi hupimwa kwa malalamiko, na watu hulalamikia joto upesi kuliko wanavyolalamikia usingizi. Kila mmoja anatenda jambo la busara kwa nafsi yake, na kwa pamoja wanatenda upuuzi. Hali ya namna hii haiponywi kwa kuhimizana tabia njema peke yake. Huponywa kwa kanuni, kwa mita ya umeme ya kila mpangaji, na kwa uamuzi unaofanywa hadharani.

Mataifa mengine yamekwisha kutambua kwamba nyuzi za kidhibitijoto ni jambo la umma. Mwaka 2005 serikali ya Japani iliwahimiza wafanyakazi wavue tai na koti wakati wa kiangazi ili viyoyozi vya ofisi viwekwe kwenye nyuzi 28. Mwaka 2022, nishati ilipopanda bei, Uhispania iliagiza kwamba kwa jumla majengo ya umma na ya biashara yasipozwe chini ya nyuzi 27 wala yasipashwe joto juu ya nyuzi 19. Unaweza kukubali au kukataa namba hizo. Jambo la kuzingatia ni kwamba ziliwekwa wazi, zikajadiliwa, na zikawa na mwenyewe. Hazikubandikwa ukutani kwa kauli ya kutendwa.

Pingamizi za haki

Sitaki ufikiri kwamba dirisha ni dawa ya kila ugonjwa. Rafiki yangu aliyeko Mombasa alinicheka nilipomsimulia habari hizi. Alisema: "Wewe fungua dirisha lako la milimani, mimi nikifungua langu mwezi wa Februari naikaribisha bahari nzima ndani." Ana haki. Katika mwambao, hewa ya mchana huja na joto na unyevu mwingi, na kuipoza ni kazi ya mashine. Hata huko, hata hivyo, watu wa kale walijenga nyumba za mawe zenye kuta nene na ua wa katikati, wakijua kwamba kivuli na njia ya upepo hutangulia kila dawa nyingine. Na hata huko lita za hewa ya kupumulia hazisameheki.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: hewa ya nje si safi kila mahali. Pembeni mwa barabara kuu, saa za msongamano, dirisha lililo wazi huleta moshi wa dizeli. Kigali inalijua hilo. Ndiyo maana mara mbili kwa mwezi, siku ya Jumapili, baadhi ya barabara hufungwa kwa magari na watu hutembea, hukimbia na kuendesha baiskeli. Kwa majengo ya pembeni mwa barabara jawabu ni kuivuta hewa kutoka upande wa nyuma au juu ya paa, na kuipitisha katika kichujio kinachobadilishwa kwa wakati wake. Hali kadhalika, usiku kuna mbu, na malaria si mzaha. Dirisha la usiku lihitaji wavu. Haya yote ni sababu za kuidhibiti hewa ya nje. Hakuna hata moja iliyo sababu ya kuifungia nje moja kwa moja.

Uliza

Wahenga walisema: asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Katiba ya Rwanda, ya Kenya na ya Uganda, zote zinampa mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Wengi wetu tukisoma maneno hayo hufikiria misitu na mito. Lakini karani hukaa ndani ya ofisi saa nane kwa siku, na msituni huenda hafiki hata mara moja kwa mwaka. Mazingira yake ni kile chumba.

Kwa hiyo nakuomba, msomaji, wiki hii uingie katika jengo unamofanya kazi au unamosomea, na kwa adabu umuulize msimamizi maswali manne. Hewa ya nje huingia humu kupitia wapi? Nani huweka nyuzi za kiyoyozi, na ni nyuzi ngapi? Mashine huzimwa saa ngapi usiku? Bili ya umeme hugawanywaje? Usiulize kwa ugomvi. Huenda msimamizi mwenyewe hajawahi kuulizwa, na huenda, kama yule wetu, anajua tatizo kuliko wewe na anangoja mtu wa kumuunga mkono.

Majibu yaandike kwa Kiswahili, aya mbili, na kila kitenzi ukiweke katika kauli ya kutenda. Usiandike "dirisha limefungwa". Andika nani amelifunga. Utaona jinsi kalamu inavyosita inapofika kwenye jina la mtenda, na hapo ndipo elimu ya uraia inapoanzia.

Kuhusu ukumbi wetu: msimamizi alikubali kutoa skrubu kwa sharti kwamba darasa liteue mtu wa kulifunga dirisha kila kipindi kinapokwisha, asije mpangaji wa chini akalowa tena. Tulipiga kura. Aliyechaguliwa ni yule mwendesha pikipiki. Kiyoyozi sasa tunakiwasha kwa nadra, na karatasi ukutani imebadilishwa. Ameiandika yeye mwenyewe, na sikusahihisha hata herufi moja: "Sisi wa darasa la jioni tunafungua dirisha saa kumi na mbili. Mimi nalifunga saa mbili." Chini yake ametia saini yake.